Saa Yenye Uso wa Kahawia

Mume wangu huwaambia wageni kwamba amemuoa mwanamke anayelipwa kwa kufumba jicho moja. Ni kweli. Nina meza yangu ndogo ya kioo kwenye baraza ya duka la vitambaa, barabara kuu ya Jinja, na kazi yangu ni kutengeneza saa. Jicho la kulia hukaa kwenye lenzi, la kushoto hupumzika. Nilifundishwa na baba yangu huko Mbale. Hakuwa na mtoto wa kiume, wala hakuona sababu ya kumsubiri.

Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu. Kinachonilisha ni kubadilisha betri na kufupisha mikanda. Saa inayoendeshwa na springi, ile ambayo mtu huitia ufunguo kwa vidole vyake asubuhi, hunijia labda mara mbili kwa mwezi, na siku hiyo hata chai huwa naisahau ikapoa.

Ndiyo maana nakumbuka vizuri asubuhi ambayo mama mmoja kutoka Kimaka, kwenye kambi ya jeshi, alisimama mbele ya meza yangu na kufungua leso. Alikuwa mke wa afande mmoja, meja aliyekuwa akifundisha kwenye chuo cha maofisa na aliyebakiza wiki tatu astaafu. Wote wawili walikuwa watu wa kaskazini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha moja kwa moja.

"Mama, hii saa ya mzee wangu ilisimama miaka mbili," aliniambia. "Iko kwa droo tu. Nataka irudi kama mpya. Siku ya sherehe yake nimshtue nayo."

Nilipoiona nilijua ni nini. Ilikuwa saa ya wapiga mbizi, ya kampuni moja ya Uswisi ambayo mafundi huitaja kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa sijawahi kuishika. Nilimuuliza waliipata wapi. Akanieleza kwamba baba mkwe wake alifanya kazi kwenye mashua za bwawa la umeme hapa Jinja, zamani, na mhandisi wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao aliivua mkononi akampa. Mzee akaenda nayo kijijini. Alilima nayo, akachunga nayo ng'ombe, na alipofariki mwanawe akaingia nayo jeshini.

Alipoondoka nilifungua mfuniko wa nyuma, nikabaki nimeinama hivyo kwa muda mrefu. Vipande vya ndani vilikuwa na mistari myembamba iliyopangwa kama matuta ya shamba la mtu nadhifu. Skrubu zilikuwa za buluu, ile buluu inayopatikana kwa kuchoma chuma polepole na kukiondoa motoni kwa wakati wake. Vijiwe vyekundu vilikaa mahali pake kama punje za komamanga. Lakini kilichonishika zaidi ni kingo. Kila kipande kilikuwa kimesuguliwa ukingoni kwa mkono mpaka kikang'aa, hata vile vipande vinavyofunikwa na vingine. Mtu aliyevisugua alijua kwamba mwenye saa hataviona hata siku moja. Atakayeviona ni fundi tu, miaka mingi baadaye, mahali ambapo yeye mwenyewe hapajui. Mahali hapo palikuwa baraza yangu, na fundi huyo alikuwa mimi.

Mashine haikuwa na ugonjwa. Mafuta yalikuwa yamekauka, basi. Chini ya pete ya nje, ile inayozunguka, nilikuta mchanga mwekundu na punje moja ya simsim, yaani ufuta. Niliisafisha yote, nikatia mafuta mapya kwa ncha ya sindano, na ikaanza kupiga kabla sijamaliza kufunga skrubu ya mwisho.

Sasa ikabaki sura. Kasha lilikuwa na mikwaruzo kila upande. Na uso wake, yaani ile sahani yenye alama za saa, ulikuwa mweusi ulipotoka kiwandani lakini jua lilikuwa limeugeuza kuwa kahawia, kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, iliyokolea pembeni na kupauka katikati. Mimi niliona ni doa. Nilimpigia mfanyabiashara wa vipuri Nairobi, na baada ya siku tisa nikapokea uso mpya wa kampuni ile ile, mweusi ti. Niliufunga, na ule wa zamani nikautupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Nilipanga kulisugua na kasha pia kwa mashine, ling'ae kama kijiko, ila umeme ulikatika siku mbili mfululizo na sherehe ikafika. Nikaliosha kwa sabuni na mswaki tu. Nilikasirika sana na umeme wakati ule.

Baada ya sherehe yule mama alirudi na chupa ya odii, ile siagi ya simsim na karanga ya kwao. Akasema mzee wake alifurahi, aliivaa mbele ya watu wote na akamshukuru. Nami nikafurahi. Nikachukua picha mbili nilizokuwa nimezipiga, ya kabla na ya baada, nikamtumia Hajji.

Huyu Hajji ni rafiki wa marehemu baba yangu. Anauza vitambaa kwa jumla Mbale, na katika mji ule wote sijui mwingine anayekusanya saa. Anazo tisa. Hazimshughulishi almasi wala dhahabu. Anataka saa yenye sababu, ndivyo anavyosema. Nilitarajia anisifu. Alipiga simu kabla sijaiweka yangu mezani.

"Uso wa zamani uko wapi?" aliuliza, bila hata salamu.

Nilimwambia uko kwenye kopo. Akaniuliza kopo liko wapi. Hapo ndipo nikakumbuka, na nikamwambia, kwamba juma lililopita nilimpa fundi mwenzangu wa Bugembe kopo lile zima, naye akanipa vioo vya saa nilivyokuwa navihitaji.

Hajji hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinieleza polepole, kama anavyomweleza mteja tofauti ya hariri na nailoni. Alisema kiwandani kuna kipindi walitumia rangi nyeusi ambayo haikustahimili jua kali, na saa chache zilizokuja kuishi nchi za joto ziligeuka kahawia, kila moja kwa namna yake. Kiwanda kiliona ni kasoro. Leo watu wenye saa mia kabatini wanaitafuta kahawia ile dunia nzima, kwa kuwa hakuna anayeweza kuitengeneza kwa makusudi. Saa kama hii, alisema, huthaminiwa kwa vitu vilivyozaliwa nayo: uso wake, mishale yake, kasha lisilosuguliwa, na habari ya mkono ulioivaa. Ukiondoa kimoja, unabaki na saa nzuri tu, na saa nzuri ziko nyingi.

"Kasha umelisugua?" aliuliza mwishoni.

Nilimwambia umeme ulikatika. Nilimsikia akimhimidi Mungu kwa sauti.

Ningeweza kunyamaza. Afande alikuwa hajui thamani ya kilichopotea, na mkewe alikuwa ameridhika. Lakini baba yangu aliniachia mambo mawili, zile bisibisi zake na tabia ya kumwambia mteja ukweli, na bisibisi zenyewe nyingi zimekwisha kuvunjika. Jioni hiyo nilipanda boda mpaka Kimaka.

Nilimkuta afande nyuma ya nyumba akimwagilia sukuma wiki. Ni mtu mkubwa, mrefu, anayechechemea kidogo kwa sababu ya goti. Saa alikuwa nayo mkononi. Mkewe alileta chai, tukaketi, nikasema yote: kosa langu, maneno ya Hajji, kopo. Mke alimtazama mumewe.

"Lakini wewe ulifurahi," alimwambia.

"Nilifurahi kwa sababu yako," afande alijibu.

Kisha akatueleza, taratibu, huku akiizungusha pete ya saa kwa kidole gumba. Kesho yake baada ya sherehe alitazama mkono wake asubuhi akaona ni kama amevaa saa ya mtu mwingine. Utotoni alikuwa akilala kwenye mkono wa baba yake chini ya ghala la mtama, na uso ule wa kahawia ndio uliokuwa karibu na macho yake. Baba alikuwa akimwambia kwamba saa ilikuja na rangi ya ugenini, jua la kwetu likaifanya iwe mwenyeji. Hakutaka kumwambia mkewe. Alikuwa ameona jinsi mama yule alivyosimama mbele ya wageni na kile kiboksi, na angeivaa saa nyeusi mpaka kufa kuliko kumharibia.

Nilitazama kikombe changu. Nilidhani mke atalia. Badala yake alicheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa, akampiga mumewe begani, akasema kwamba ameolewa na mwanajeshi asiyeweza kusema hata neno moja. Halafu akaniambia nijiandae kesho saa moja asubuhi, tutaenda kuutafuta uso huo, na yeye ndiye atakayeendesha gari kwa sababu goti la mzee halitaki safari.

Bugembe tulifika mapema kiasi kwamba fundi mwenzangu alikuwa bado anafungua mlango wa kibanda chake. Alipomwona afande aliyenyoosha mgongo nyuma yangu alidhani kuna kesi. Nilimtuliza, nikamwonyesha picha. Akaukumbuka uso ule mara moja. Aliupenda, akaufunga kwenye saa kuukuu ya mashine ya ukubwa ule ule, akampa shemeji yake kama zawadi. Shemeji ni muadhini wa msikiti mmoja mdogo Mbale. Kisha akajikuna shingo, akaongeza jambo ambalo lilinifanya nifumbe macho yote mawili. Uso wa saa hushikiliwa kwa viguu viwili vidogo vilivyo nyuma yake, vinavyoingia kwenye matundu ya mashine. Kimoja kiliingia vizuri. Kingine kilikataa, naye akakikata.

Safari ya Mbale ilikuwa ya furaha kuliko nilivyostahili. Mama alikuwa ameleta maandazi na mayai ya kuchemsha, na alinihoji njia nzima: kwa nini saa ya springi ni bora, wakati saa yake ya soko la Jinja inakwenda sawasawa na redio. Nilimwambia kweli, yake inasema wakati vizuri zaidi. Lakini ikifa inatupwa. Hii ya mumewe imesimama mara ngapi, na kila mara mtu ameifungua, ameikuta vipande vyake vyote vinafikika, akaitengeneza. Aliyeibuni alimfikiria fundi ambaye alikuwa hajazaliwa. Mama aliendesha, mashamba ya mpunga ya Tirinyi yakipita pande zote mbili, kisha akasema kama ni hivyo basi hata friji zao wangezitengeneza namna hiyo.

Hajji alitupokea mlangoni pa duka lake na akajiunga nasi, kanzu imepigwa pasi kama anakwenda kuposa. Msikiti ulikuwa nyuma ya soko, mlima umeuinamia. Muadhini alikuwa mzee mwembamba mchangamfu, na saa kwenye mkono wake ilikuwa imepanda karibu na kiwiko kwa jinsi mkanda ulivyokuwa mpana. Uso wa kahawia ulikuwa hapo. Hajji aliinama kuutazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Tulimweleza mzee habari yetu. Alisikiliza yote na kuuliza maswali, hasa kuhusu ng'ombe. Alisema uso huo ameupenda kwa sababu ni rangi ya kahawa, na kahawa ndiyo iliyomlea. Ila macho yake hayausomi alfajiri, hulazimika kuusogeza kwenye taa. Nilimwonyesha ule mweusi, ambao alama zake hung'aa gizani. Afande aliivua saa yake, na mzee akaiingiza ndani ya mkono wa kanzu yake, akachungulia humo kwa jicho moja kama mimi kazini. Alikaa hivyo muda. Alipotoa kichwa uso wake ulikuwa wa mtoto siku ya Idi.

"Tubadilishane," alisema. "Lakini baada ya alasiri. Siwezi kuadhini bila saa, na simu yangu huzimika."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nikatoa hoja kwamba tunazo saa nyingine nne hapo tulipo. Mzee akasema anaiamini hii. Basi tukasubiri. Tuliketi kwenye ngazi, Hajji akaagiza wali na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, na watu watano wazima tukala huku tukiutazama mkono wa mtu mmoja. Afande alikuwa ndiye mtulivu kuliko wote. Alisema jeshini alijifunza mambo mawili kwa ufasaha, Kiswahili na kungoja. Yeye na muadhini waligundua kwamba wote wawili walizaliwa mwaka wa njaa ile ile, wakaanza kuitana pacha.

Muda ulipofika mzee alitazama saa, akasimama, akaadhini. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Afande alivua kofia akaishika kifuani mpaka mwisho. Tuliosali tukasali, na tulipotoka mzee mwenyewe alifungua mkanda na kuniwekea saa kiganjani.

Nilifanya kazi kwenye kaunta ya duka la Hajji. Alizima feni ili vumbi lisiruke, akawasimamisha wateja nje, akatandaza kitambaa cheupe ambacho alikuwa akikiuza kwa mita. Nilitoa uso mweusi, nikatoa wa kahawia. Kiguu kimoja hakikuwepo kweli, kimebaki kisiki. Hajji alikitazama kwa lenzi yangu na kuvuta pumzi ndefu. Akasema mnunuzi mkali angekiona, na angeshusha bei. Afande akauliza kama saa itatembea hivyo hivyo. Nilimwambia itatembea, kiguu kimoja kitaishika, na upande wa pili nitatia tone la lakiri, gundi ambayo fundi yeyote anaweza kuiondoa.

"Basi tuko sawa," alisema. "Na mimi nina mguu moja mbaya."

Ule mweusi nikaukata kiguu kimoja, nikaufunga kwenye saa ya muadhini, na nilipokuwa nasubiri lakiri ikauke, Hajji alitoa sanduku lake. Zile saa zake tisa zililala kwenye vitambaa vya kanzu zilizochakaa. Alituonyesha moja moja. Moja ina mwezi mdogo unaotembea kwa siku zake. Nyingine uso wake ni wa udongo uliochomwa kama kauri, nyeupe ambayo haitachakaa. Nyingine ni nyembamba kama sarafu, na alisema ameisubiri miaka saba mwenyewe akubali kuiachia. Hakutaja bei ya hata moja. Mke wa afande alimuuliza anazivaa lini zote hizo. Akajibu kwamba nyingine huzivaa akiwa peke yake stoo, akihesabu majora, na hakuna anayejua isipokuwa yeye na saa.

Kisha akaomba kilichokuwa moyoni mwake tangu mchana. Kama siku moja afande ataamua kuiuza, Hajji awe wa kwanza kusikia. Afande alifungua mdomo, lakini mkewe alimtangulia.

"Hajji, nimeendesha gari kutwa nzima," alisema. "Hauzi."

Tukacheka sote, Hajji kuliko sisi. Akaomba basi kitu kidogo: aivae kwa muda wa glasi moja ya chai. Afande akamfungia mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu akinywa chai polepole namna ile. Alipuliza hata ilipokuwa imepoa. Alipofika chini aliitazama mara ya mwisho, akaivua, akamrudishia afande kwa mikono miwili.

Muadhini anayo saa yake nyeusi mpaka leo, na Hajji anasema alfajiri ya msikiti ule siku hizi haichelewi hata dakika. Fundi wa Bugembe hunipigia simu kwanza kabla hajakata kitu chochote cha zamani. Mimi nina sanduku la bati lenye kufuli, na kila kipande ninachokitoa kwenye saa ya mtu nakirudisha kwa mwenyewe ndani ya bahasha, hata kama ni skrubu iliyoota kutu. Wateja wengine wananishangaa.

Afande huja kila baada ya miezi michache. Saa yake haina tatizo. Huja kuniomba nimfungulie mfuniko wa nyuma aangalie ndani, na mimi humpa lenzi na kiti. Mara ya mwisho alikuja na wastaafu wenzake wawili, majitu makubwa yenye sauti za gwaride, ambao niliwasikia tangu kona ya barabara wakibishana kuhusu mpira. Waliinama mmoja baada ya mwingine, mikono nyuma, wakinyamaza. Wa mwisho alikaa sana kwenye lenzi mpaka afande akamgusa bega. Aliponyanyuka aliniuliza mtu aliyezisugua zile kingo alikuwa nani. Nilimwambia hajulikani, hawakuandika majina yao. Akatikisa kichwa, akaomba aangalie tena.